Mtakatifu Nikolao na Kipimo cha Zawadi

Mwezi wa Desemba umekuwa mwezi wa mahesabu magumu katika nyumba zetu. Baba ana fedha zake kidogo alizoziweka tangu mavuno, au tangu mshahara wa Novemba. Mama ana orodha yake. Na watoto, ambao hawana fedha wala orodha, wana matumaini yaliyo makubwa kuliko vyote viwili. Gauni la sikukuu, viatu, mpira, mwanasesere wa dukani: je, zitumike shilingi ngapi? Halafu, siku chache tu baada ya Noeli, Januari yabisha hodi na sare, madaftari na ada. Sisi mapadre twaijua Januari hiyo, maana ndiyo inayowaleta wazazi ofisini kwetu kuomba mkopo, na mara nyingine mtoto aliyefuatana nao amevaa viatu vipya vinavyometameta, ambavyo bei yake ingalitosha haja iliyowaleta. Hatuwacheki. Mzazi aonaye haya kwamba mtoto wake ataonekana maskini kanisani siku ya Noeli, haya yake ni ya kweli.

Basi mwaka huu twapenda kueleza habari za mtu ambaye jina lake limefungamana na zawadi za watoto kuliko jina la mtakatifu mwingine yeyote, naye ni Mtakatifu Nikolao, Askofu wa Myra. Watoto wa mjini humjua kwa sura ya mzee mnene mwenye ndevu nyeupe na mavazi mekundu, aitwaye Baba Krismasi, asimamaye mlangoni pa maduka. Mzee huyo ni mjukuu wa mbali sana. Na tumwendee babu mwenyewe.

Nchi yake iliitwa Lycia, katika pwani ya kusini ya Asia Ndogo, ambayo leo ni Uturuki, na mahali palipokuwa na mji wa Myra leo pana mji uitwao Demre. Wengi wetu tumeupita mji huo katika Matendo ya Mitume pasipo kuuangalia. Mtume Paulo alipokuwa akipelekwa Roma hali amefungwa, alishushwa Myra akapandishwa merikebu ya Aleksandria, na merikebu hiyo ilikuwa imepakia ngano. Msomaji aikumbuke ngano hiyo, maana tutaikuta tena. Nikolao alizaliwa miaka zaidi ya 200 baada ya safari ya Paulo, nayo mapokeo yasema kwamba alizaliwa katika bandari ya Patara, upande wa magharibi wa Myra.

Yatupasa kusema wazi tangu mwanzo kwamba habari zake kamili za kwanza ziliandikwa zaidi ya miaka 300 baada ya kufa kwake, na kwamba waandishi wengine walizichanganya na habari za Nikolao wa pili, abate wa monasteri ya Sion iliyokuwa karibu na Myra, aliyeishi katika karne ya 6. Kwa hiyo hatuwezi kuapa juu ya kila neno. Lakini heshima aliyopewa ni ya kale: katika karne ya 6 Kaisari Justiniano alijenga huko Konstantinopoli kanisa la kuwaheshimu Mtakatifu Prisko na Mtakatifu Nikolao, na Kaisari hajengi kanisa kwa ajili ya mtu asiyejulikana.

Wazazi wake walikuwa watu wenye mali. Walifariki yeye akiwa bado kijana, wakamwachia urithi mkubwa. Hapo ndipo maisha yake yaanzapo kutuhusu sisi, kwa maana alikuwa na fedha mkononi, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza amezitumiaje.

Katika mji wao palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa tajiri zamani, kisha akafilisika kabisa. Alikuwa na binti watatu waliofikia umri wa kuolewa. Hapa msomaji wa kwetu aelezwe jambo moja, asije akaielewa hadithi kinyume. Kwetu mahari hutoka upande wa mwanamume. Katika nchi za Wayunani na Warumi wa zamani hizo, baba wa msichana ndiye aliyetoa mali ya kumsindikiza binti yake kwa mumewe, na msichana asiye na mali hiyo ilikuwa shida kupata mchumba. Basi wale watatu hawakuposwa, na chakula nyumbani kilikwisha. Baba yao, katika kukata tamaa, alifikia uamuzi wa kuwatia katika biashara ya aibu ili nyumba ipate kula. Waandishi wa kale hawakulifunika jambo hilo, nasi hatuna sababu ya kulifunika, maana ndilo lililokuwa hatarini. Hadithi hii, ambayo leo imekuwa ya peremende na karatasi za rangi, ilianza kwa baba aliyekaribia kuwauza watoto wake.

Nikolao akapata habari. Akaitia dhahabu katika kitambaa, kiasi cha kutosha ndoa ya binti mmoja, akaenda usiku, akaitupa dirishani, akarudi kwake. Asubuhi baba aliiona dhahabu akalia machozi, akamwoza binti mkubwa. Nikolao alipoona kwamba fedha imefanya kazi iliyokusudiwa, akarudi usiku mwingine na dhahabu kiasi kile kile kwa ajili ya binti wa pili. Mara ya tatu baba hakulala. Aliposikia kishindo sakafuni alitoka mbio, akamfuata kijana gizani mpaka akamshika, akamtambua, akataka kumwangukia miguuni. Nikolao akamkataza, akamwapisha kwamba muda wote wa uhai wake asimwambie mtu.

Tumeisoma hadithi hii tangu utotoni, na mara nyingi tumesifu ukarimu tu. Lakini itazameni hesabu yake. Nikolao hakujiuliza kwanza atatoa kiasi gani ili aonekane mkarimu, wala jirani yake ametoa kiasi gani. Aliuliza nyumba ile imepungukiwa nini, na kitu hicho thamani yake ni ngapi, akaleta hicho. Tena hakutupa mifuko mitatu usiku mmoja. Alitupa wa kwanza, akangoja, akatazama. Mtu aliyekwisha kufilisika mara moja aweza kufilisika tena, na dhahabu yote ikimjia kwa siku moja, nani ajuaye kama binti wa tatu angaliona hata sarafu yake? Mimi hupenda kufikiri kwamba kijana yule, pamoja na utakatifu wake, alikuwa pia mtoto wa mfanya biashara wa bandarini. Lakini hayo ni mawazo yangu tu, hayamo katika maandiko.

Wala mtu asimgeuze Nikolao kuwa mwalimu wa ubahili. Mfuko wa dhahabu si kitu kidogo. Haja ilikuwa kubwa, na zawadi ikawa kubwa. Mzazi mwenye mtoto anayekohoa usiku kwa kukosa blanketi, akaacha kununua blanketi kwa kisingizio cha kiasi, huyo hakuelewa habari za Myra hata kidogo. Tena tukumbuke kwamba dhahabu ile ilikuwa yake mwenyewe. Hakuikopa. Jambo hili ni la kuchekesha kidogo tukilifikiri, maana wachoraji wa Ulaya walizoea kumchora Nikolao akiwa na mipira mitatu ya dhahabu mkononi, na mipira kama hiyo ndiyo alama iliyotundikwa milangoni pa wakopeshaji wa rehani, ambao nao humhesabu kuwa msimamizi wao. Hivyo mtu aliyetoa pasipo kudai cho chote akawekwa juu ya mlango ambamo baba mwenye dhiki huingia na saa yake na kutoka na deni.

Baadaye Nikolao akawa Askofu wa Myra. Mapokeo yasema kwamba maaskofu waliokusanyika walikubaliana kumchagua mtu wa kwanza kuingia kanisani asubuhi, naye akawa ndiye. Yasemekana pia kwamba aliteswa na kufungwa katika dhuluma ya Kaisari Diokletiano. Wako wanaomtaja kati ya Mababa wa Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325. Orodha nyingine zina jina lake, nyingine hazina, na habari ya kwamba alimpiga kofi Ario mzushi ilitungwa karne nyingi baadaye. Habari yake iliyo ya kale kuliko zote, iliyokwisha kujulikana katika karne ya 6, ni ya watu watatu wasio na hatia waliohukumiwa kufa kwa hukumu iliyonunuliwa kwa rushwa. Askofu alifika mahali pa kuwaulia akaunyang'anya upanga wa mwuaji.

Sasa turudi kwenye ngano. Njaa iliingia Lycia, na merikebu za ngano zikatia nanga katika Andriake, bandari ya Myra, zikitoka Aleksandria kwenda Konstantinopoli. Ngano hiyo ilikuwa mali ya serikali, imepimwa ilikotoka, nayo ingepimwa tena ifikako. Nikolao akawaomba mabaharia wampe vipimo 100 kutoka kila merikebu. Kipimo cha Warumi kilipungua kidogo tu kuliko nusu ya debe letu. Mabaharia waliogopa, kwa haki kabisa. Askofu akawaahidi kwamba hawatadaiwa upungufu wo wote, nao wakampa. Hadithi yasema kwamba walipofika na kupimiwa, ngano ilikuwa kamili, na kwamba ile iliyobaki Myra ililisha watu na kutosha hata kwa mbegu. Muujiza huo kila mtu autafakari kwa imani yake. Mimi navutwa zaidi na vile vipimo 100. Mbele ya watu wenye njaa ingalikuwa rahisi kudai merikebu nzima; yeye alihesabu, akaomba kiasi, na mbegu za mwaka ujao zikawamo katika hesabu. Ghala kubwa la nafaka lililojengwa Andriake zamani za Kaisari Hadriano lingali limesimama hata leo, nalo limefanywa nyumba ya makumbusho.

Alifariki tarehe 6 Desemba, karibu na katikati ya karne ya 4, akazikwa Myra. Mwaka 1087 mabaharia wa Bari, mji wa Italia, waliichukua mifupa yake kaburini, wakaifikisha kwao tarehe 9 Mei, na mpaka leo imo katika basilika yao. Watu wa Myra hawakuulizwa.

Tangu hapo sifa zake zilienea Ulaya kama moto wa nyika. Katika Uholanzi, Ujerumani na nchi za jirani watoto walizoea, usiku wa kuamkia sikukuu yake, kuweka kiatu karibu na jiko au mlangoni, na asubuhi wakakuta humo matofaa, njugu na vitu vitamu. Twaomba wazazi waitazame desturi hii kwa makini, maana waliobuni kiatu walibuni pia mpaka wa zawadi. Kiatu cha mtoto wa miaka sita hakichukui vingi, na kiatu cha mtoto wa tajiri hakikipiti kwa ukubwa kiatu cha mtoto wa maskini.

Katika karne ya 16, baada ya Luther na wenzake kupinga heshima ya watakatifu, sehemu nyingi za Ujerumani zilihamisha zawadi kutoka 6 Desemba hadi Noeli, zikasema kwamba mletaji ni Mtoto Yesu. Waholanzi walilihifadhi jina la Nikolao, nalo katika Marekani likageuka kuwa Santa Claus. Shairi lililotolewa gazetini huko Troy, katika jimbo la New York, mwaka 1823, likampa gari la kuvutwa na paa wa nchi za baridi. Mchoraji Thomas Nast, tangu miaka ya 1860, akampa tumbo na karakana ya vitu vya kuchezea. Na tangu 1931 matangazo ya Coca-Cola yakaieneza sura yake nyekundu duniani kote. Kofia ya kiaskofu ilikwisha kuanguka njiani. Wako wanaosema kwamba Kanisa nalo lilimwondoa Nikolao katika kalenda mwaka 1969. Si kweli: siku yake ilibaki tarehe 6 Desemba kama kumbukumbu ya hiari.

Babu alikuja usiku asionekane. Mjukuu hukaa mchana mahali pa kuonekana na watu wote. Mjukuu humwuliza mtoto angependa nini, swali ambalo halina mwisho. Babu aliangalia nini kimekosekana.

Nawajua mume na mke ambao kila mwaka, jioni ya tarehe 6 Desemba, watoto wakiisha kulala, hukaa mezani na daftari. Kwanza huandika ya Januari: sare, kalamu, nauli ya mtoto aliye bweni, mbegu za msimu. Fedha hizo hutengwa katika bahasha na kufungiwa sandukuni. Kisha huandika chakula cha sikukuu, na sadaka. Kinachobaki ndicho cha zawadi. Mwaka mmoja kilichobaki kilitosha jozi moja ya viatu, na watoto ni wanne. Wakakinunulia mtoto wa pili, kwa sababu vyake vilikuwa vimetoboka chini, na wengine wakapewa andazi la asali na kibandiko cha rangi kila mmoja. Binti mkubwa alinuna siku nzima. Mama yake aliniambia hakumgombeza, wala hakutoka kwenda kukopa. Alimwonyesha daftari, ukurasa wa viatu, ambapo jina la binti lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa ajili ya Pasaka.