Edison, mtoto aliyesikia vizuri zaidi kwenye kelele

Mama, huenda umewahi kumtuma mwanao chumvi mkiwa ndani, pametulia kabisa, naye hakugeuka hata kidogo. Kesho yake mko kwenye mashine ya kusaga hapo Ilongero, injini inanguruma, unamwita mara moja tu, anakuja. Ukaamua kwamba anasikia akitaka, na kwamba jana alikuwa mkaidi. Kabla hujamchapa, soma habari za Thomas Edison, yule wa balbu ya umeme.

Edison alizaliwa Marekani mwaka 1847, kitinda mimba wa mama aliyeitwa Nancy. Utotoni aliugua homa ya vipele vyekundu, na masikio yakamsumbua. Shuleni hakukaa hata mwaka. Mwalimu alimwona mtoto mwenye akili iliyovurugika. Nancy, ambaye naye aliwahi kuwa mwalimu, alikasirika, akamtoa na kumfundisha mwenyewe nyumbani.

Akiwa na miaka 12 alianza kuuza magazeti na pipi ndani ya treni iliyokwenda kati ya Port Huron na Detroit. Usikivu wake ulishapungua sana. Lakini baadaye alisimulia jambo la ajabu: treni ikinguruma kwa nguvu zote, aliwasikia wanawake wakiambiana siri zao. Ikisimama kituoni, watu wakaongea kawaida, hakuambulia neno.

Inawezekanaje? Nyuma ya ngoma ya sikio kuna vifupa vitatu vidogo vinavyopeleka mtikisiko wa sauti ndani zaidi. Usaha au majimaji yakijaa hapo, au ngoma ikitoboka, kila sauti hufika ikiwa imefifia. Sasa fikiria mko mashineni. Watu wote hupaza sauti bila hata kujua. Wewe mwenye masikio mazima unapata mngurumo na maneno pamoja, na ubongo wako unahangaika kuyatenganisha. Kwa mwenye sikio lililoziba, mngurumo umepungua, na sauti iliyopazwa bado inapenya. Mkirudi ndani mnaongea taratibu, naye anabaki nje ya mazungumzo.

Si watoto wote walio hivyo. Wapo wanaokusikia vizuri mkiwa wawili, lakini redio ikiwashwa au wenzao wakipiga kelele wanapoteza maneno. Hao hupata shida hasa darasani, kwa sababu mwalimu yuko mbali. Nao pia wanahitaji kupimwa masikio.

Edison alipokua alifanya kazi ya kupokea ujumbe wa telegrafu. Alisikia mgongo wa mashine yake tu, za wenzake hazikumsumbua. Mwaka 1877 alitengeneza mashine ya kwanza ya kurekodi sauti na kuicheza tena. Ili aisikie vizuri, alikuwa akiuma mbao zake kwa meno. Mkewe wa pili, Mina, alimgongea vidole kwa alama za telegrafu ili ajue wengine wanasema nini. Alipenda kusema uziwi ulimsaidia kutulia na kazi. Lakini pia alikiri kwamba tangu akiwa na miaka 12 hakuwahi kusikia ndege akiimba. Alifariki mwaka 1931.

Wakati wa utoto wake hapakuwa na dawa za kuua bakteria. Wewe unazo, katika kituo cha afya. Sikio likitoa usaha, mtoto akilia huku akilishika, au akianza kuongeza sauti ya redio, mpeleke. Usisubiri likauke lenyewe. Usitie mafuta, maziwa ya mama, mkojo wala maji ya majani. Mhudumu atakuonyesha jinsi ya kulikausha kwa utambi wa kitambaa safi. Fanya hivyo kila siku kama alivyokuelekeza. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, nenda siku hiyo hiyo, hata kama mnada unakusubiri.

Wakati anatibiwa, mwombe mwalimu amkalishe mbele. Nyumbani usimwite ukiwa jikoni. Msogelee, mguse bega, auone uso wako, ndipo umtume hiyo chumvi.