Andrea Kaggwa: Mateka wa Bunyoro aliyebeba Habari Njema Munyonyo

WENGI wanaoshuka Ggaba hufuata samaki sokoni, au hutafuta boti ya kuwavusha kwenda upande wa Mukono na visiwani. Ni wachache wanaojua kwamba kwa jirani kabisa, pale Munyonyo, ndipo ulipomwagika udongoni uhai wa mpiga ngoma mmoja ambaye leo anaitwa Mtakatifu Andrea Kaggwa.

Kaggwa hakuwa Mganda wa kuzaliwa. Alizaliwa Bunyoro, yapata mwaka 1856. Akiwa bado mtoto, wapiganaji wa Buganda waliovamia nchi yao walimteka na kumpeleka kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Huko hakuwa na ukoo wa kumtetea, wala shamba, wala mjomba wa kumkimbilia. Alikuwa mali ya vita.

Wenye kuvuka mipaka wanajua jambo hili. Mtu aliyeondolewa kwao hana cha kuanzia isipokuwa mikono yake na tabia yake. Kaggwa alianza na hivyo viwili. Kwa kuwa alikuwa kijana mwenye sura njema na adabu, aliingizwa miongoni mwa vijana waliotumika katika jumba la Kabaka, kisha akafunzwa ngoma za kigeni na Toli, mtu wa Madagaska aliyekuwa akimtumikia Mutesa. Alifanya vizuri mpaka akawekwa kuwa mkuu wa wapiga ngoma hao.

Habari iliyokuja kuyabadilisha maisha yake ilipita njia ileile ya biashara. Tangu miaka ya 1840 wafanyabiashara kutoka Zanzibar walikuwa wamefika Buganda na nguo, bunduki, lugha ya Kiswahili na dini ya Kiislamu. Padri Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walifuata njia hiyo ya misafara kutoka Bagamoyo, wakapanda mtumbwi kusini mwa ziwa na kutia nanga Kigungu, karibu na Entebbe, mwezi wa Februari 1879. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamewatangulia mwaka 1877.

Kila upande ulitaka kumpata Kabaka kwanza. Fikra ilikuwa kwamba mfalme akiamini, nchi nzima itaamini. Mutesa aliwasikiliza wote, akawapima wote, na hakubatizwa na yeyote.

Walioipokea habari hiyo kwa moyo walikuwa watu wa chini yake: vijana wa kufagia na kubeba, walinzi, mafundi, mateka. Ndivyo ilivyokuwa hata Bethlehemu, ambako malaika waliwapita wakuu wakawaendea wachungaji waliokuwa wakikesha na mifugo. Noe Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Matia Kalemba Mulumba alikuwa mtu wa Busoga aliyetekwa utotoni, kama Kaggwa mwenyewe.

Kwa watu wa namna hiyo, kuambiwa kwamba Mungu anawajua kwa majina halikuwa jambo dogo. Jumbani thamani ya mtu ilitegemea ukoo wake na uso wa Kabaka siku hiyo. Kaggwa alianza mafundisho mwaka 1880 na kubatizwa tarehe 30 Aprili 1882, siku moja na Yosefu Mukasa Balikuddembe. Alimwoa Klara Batudde, akaishi na mke mmoja, wakati ambapo mtu wa cheo chake angeweza kuoa wengi.

Tauni ilipoingia, watu waliwakimbia wagonjwa. Kaggwa aliwaendea. Aliwahudumia, akawafundisha waliotaka kusikia, akawabatiza waliokuwa wakikata roho na kuwazika waliokufa.

Miaka isiyo na padri

Mtihani mkubwa ulikuja mwezi wa Novemba 1882. Wamisionari wa Kikatoliki waliona hali imekuwa ya hatari, wakaondoka Buganda kwenda Bukumbi, kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Walikaa huko karibu miaka mitatu. Mutesa alifariki mwaka 1884 na mwanawe Mwanga, kijana bado, akatawazwa.

Mtu angetarajia kuwa kazi yote ingekufa. Waumini walikuwa wachache, hawana padri, hawana misa, hawana vitabu vya kutosha. Lakini mapadri waliporudi mwezi wa Julai 1885 walikuta kundi limeongezeka. Walioliongoza ni Balikuddembe ndani ya jumba, Kaggwa na Kalemba nje yake. Kati ya watatu hao, wawili walikuwa mateka waliotolewa makwao kwa nguvu.

Nyumba ya Kaggwa ikawa shule. Waliokuja kujifunza waliitwa wasomaji, kwa kuwa dini na kusoma vilikwenda pamoja. Mchana alikuwa mtu wa Kabaka, akiongoza ngoma na kuandamana naye safarini, maana Mwanga alimpenda na kumpa cheo. Nafasi iliyobaki aliitumia kufundisha. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo watoto wa Katikiro, waziri mkuu wa Buganda.

Hilo ndilo lililomponza. Katikiro Mukasa aliona mpiga ngoma, tena mateka, akiingia mioyoni mwa watoto wake mahali ambapo amri yake haikufika. Aidha, kulikuwa na hofu kwamba wageni waliotoka pwani walitaka kuila nchi. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kianglikana aliuawa Busoga. Balikuddembe alimkemea Mwanga kwa kitendo hicho, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885.

Siku ya Munyonyo

Mapema mwaka 1886 moto uliteketeza jumba la Mengo na Kabaka akahamia Munyonyo, kando ya ziwa. Tarehe 25 Mei alirudi kutoka kuwinda viboko mikono mitupu, akakuta vijana wake hawapo. Denis Ssebuggwawo alipokiri kwamba alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikiro, Mwanga alimshambulia kwa mkuki, na kijana huyo akauawa.

Katikiro aliiona nafasi yake. Alitaka Kaggwa akabidhiwe kwake. Mwanga alisita, kwa kuwa alikuwa akimtoa rafiki yake na mtumishi ambaye hakumwona na kosa, lakini aliposhikiliwa sana alikubali.

Masimulizi ya Kanisa yanaeleza kuwa Katikiro alikataa kula mpaka aletewe mkono wa Kaggwa kama ushahidi. Mnyongaji alipositasita, Kaggwa mwenyewe ndiye aliyemhimiza afanye haraka ili asimcheleweshe bwana wake kula. Alikatwa mkono, kisha kichwa, tarehe 26 Mei 1886. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Siku chache baadaye, tarehe 3 Juni, wengine walichomwa moto Namugongo.

Mauaji hayo hayakumletea mtu faida. Mwanga aliondolewa kitini mwaka 1888, akarudishwa mwaka uliofuata kwa msaada wa Wakristo waliosalia. Baadaye Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli, naye huko akabatizwa kwa jina la Danieri kabla ya kufariki mwaka 1903. Habari ambayo mpiga ngoma wake aliishika hadi kufa, mfalme aliipokea naye akiwa mateka, mbali na kwao.

Kaggwa alitangazwa mwenye heri mwaka 1920, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21. Tarehe 27 Novemba 2015 Papa Fransisko alifika Munyonyo kuzungumza na makatekista na walimu, ambao Kaggwa anahesabiwa kuwa msimamizi wao. Ggaba nayo ina seminari kuu ya mapadri.

Kila mwaka mahujaji huvuka Malaba, Busia na Mutukula kwenda Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni. Anayepata muda ateremke pia barabara ya Ggaba hadi Munyonyo. Huko atamkumbuka mtu ambaye hakurudi kuishi kwao Bunyoro, na ambaye hata hivyo aliwapa wenyeji wa nchi iliyomteka kitu ambacho hawakukipata kwa wakuu wao.