Sir Joseph Hutchinson, Mchunguzi wa Nasaba ya Pamba

Ni nadra askari avaaye gwanda la pamba kuuliza nasaba ya uzi wake. Hata hivyo, katika nyanda za Bukedi, upitapo mto Namatala baada ya kuiacha Mbale, pamba ndiyo iliyolipa kodi na karo kwa miaka mingi, na miongoni mwa walioichunguza kwa kina alikuwamo Joseph Burtt Hutchinson.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902 katika ukoo wa madhehebu ya Quaker. Baada ya masomo ya Cambridge alikwenda Trinidad, akafanya kazi na Sydney Harland katika kituo cha utafiti wa pamba. Huko alilikuta swali lililomshughulisha maishani: mimea miwili iliyo ndugu hutenganishwa na nini hasa?

Pamba zilimwazo na binadamu ni za jamii nne. Mbili, za Afrika na Asia, zina kromosomu 26. Mbili za Amerika zina 52, mfano wa vikosi viwili vilivyounganishwa chini ya amri moja. Uchunguzi wake ulidai subira kubwa: kuchavusha jamii moja kwa chavua ya nyingine, kupanda mbegu za chotara, kisha kuhesabu mche kwa mche ni mingapi yenye majani yaliyochanika, mingapi yenye doa jekundu katika ua. Sifa za namna hiyo mara nyingi zilifuata jeni moja tu. Lakini chotara wa zile pamba mbili za Amerika, ingawa wenyewe walistawi sana, walizaa watoto wengi dhaifu. Harland alifafanua kwamba kila jamii husimama juu ya jeni ndogo nyingi zilizozoeana. Zikichanganywa ovyo, utaratibu huvunjika.

Mwaka 1947 Hutchinson, pamoja na Silow na Stephens, alitoa kitabu juu ya chimbuko la pamba. Humo walidhani kwamba binadamu ndiye aliyevusha pamba ya Asia hadi Amerika, ikachanganyika na ya mwituni. Mchanganyiko ulitokea kweli, ila wataalamu wa leo huuweka kati ya miaka milioni moja na mbili iliyopita, kabla hajakuwapo baharia yeyote.

Baada ya India na Sudan, aliongoza kituo cha Namulonge, Uganda, tangu 1949 hadi 1957. Adui mkubwa wa mkulima hapa alikuwa ugonjwa wa bakteria uletao weusi katika matawi na kuozesha vitumba. Mwaka 1950 yeye na Knight waliandika jinsi ukinzani dhidi yake ulivyojengeka katika pamba za sehemu mbalimbali. Knight alikuwa amekwisha kuonyesha Sudan kwamba jeni ya ukinzani huweza kuhamishwa kutoka jamii moja hadi nyingine, mradi chotara warudishwe kwa mzazi yule yule kizazi baada ya kizazi, mpaka wabaki na jeni ile na tabia zote za mzazi. Katika miaka ya 1960 wakulima wa Uganda walipata mbegu kinzani za BPA, na SATU ya Serere kwa mashariki na kaskazini.

Hutchinson alipewa cheo cha Sir mwaka 1956, akawa profesa wa kilimo Cambridge, akafariki mwaka 1988. Jeni ya majani yaliyochanika, ambayo kizazi chake kiliijua kwa kuhesabu miche tu, ilitambuliwa mwaka 2017.