John Harrison, seremala aliyewapa mabaharia saa

Leo msafiri huvaa saa inayochajiwa na jua na kurekebishwa na satelaiti. Zamani, baharia asiyejua saa ya bandari alikotoka hakuweza kujua yuko wapi mashariki au magharibi. Meli nyingi zilivunjikia miambani.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayepata dawa. John Harrison, seremala aliyezaliwa 1693, alihangaika na kazi hiyo miaka mingi. Saa yake ya nne ilisafirishwa hadi Jamaica kuanzia 1761, ikachelewa kwa takriban sekunde 5 tu. Hata hivyo alizungushwa sana. Alimaliziwa fedha zake 1773, akiwa na miaka 80. Alifariki 1776.

Simu yako ikikuonyesha ulipo, nayo inategemea saa zilizo kwenye satelaiti. Tumkumbuke fundi huyu.