Babbage: Alipunguza vipande 25,000 hadi 8,000, mashine hakuiona

Charles Babbage alifariki London, Oktoba 18, 1871, akiwa na miaka 79. Aliacha michoro kibao. Mashine iliyokamilika? Hata moja.

Alizaliwa 1791 na kukulia kwenye hesabu. Kilichomkera ni makosa ya majedwali ya hesabu: mabaharia na wahandisi waliyategemea, kumbe yalikokotolewa kwa mkono. Miaka ya 1820 serikali ya Uingereza ikamwaga hela atengeneze mashine ya kuifanya kazi hiyo. Ilihitaji vipande kama 25,000.

Mwaka 1832 fundi wake, Joseph Clement, aliunganisha sehemu ndogo tu, nayo ikafanya kazi vizuri. Mwaka uliofuata wakavurugana, kazi ikasimama. Serikali ilishatumia zaidi ya pauni 17,000. Ilijitoa rasmi 1842.

Mzee hakutulia. Alikuwa akichora mashine nyingine kubwa zaidi, na humo akagundua njia rahisi ya kujumlisha namba. Kati ya 1847 na 1849 akalirudia wazo la kwanza na kulichora upya. Kazi ni ileile, lakini vipande kama 8,000, pamoja na sehemu ya kuchapa.

Waandika programu wa leo wangemwelewa haraka. Wao huita rifaktaringi: kuipangua kodi na kuipanga upya kwa ndani, huku mtumiaji haoni tofauti yoyote. Kodi isiyofanyiwa hivyo hujaa viraka, hadi ukiongeza kitufe kimoja vinaharibika vitu vitatu.

Ila wao hurekebisha kidogo kidogo, karibu kila siku, programu ikiwa inatumika, na kila badiliko hujaribiwa kabla ya kugusa lingine. Babbage alikuwa anarekebisha karatasi. Akipata wazo bora, anaanza mchoro mwingine, na waliotoa hela hawaoni kitu. Mwaka 1852 serikali ilipopelekewa mchoro mpya, ule mwepesi kuliko yote, ilikataa. Kwa kweli ni vigumu kuilaumu.

Mwaka 1991, miaka 200 tangu azaliwe, Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London lilimaliza kuijenga sehemu ya kukokotoa kwa kufuata michoro hiyohiyo. Ilitoa majibu sahihi. Sehemu ya kuchapa ilikamilika 2002, na mashine nzima ina uzito wa tani 5.