Stanley na Mashua Iliyopita Nchi Kavu

Jina la Henry Morton Stanley twalijua sote, maana kukutana kwake na Livingstone husomwa katika kila darasa la historia. Lakini mimi nataka kuwasimulieni habari za mashua yake, kwa kuwa naona inatufundisha zaidi juu ya mtu huyu.

Stanley alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka wa 1841, akaitwa John Rowlands. Alilelewa katika nyumba ya maskini huko St Asaph. Mwaka wa 1859 akavuka bahari mpaka New Orleans, Marekani, na huko akajitwalia jina jipya. Akawa askari, akawa baharia, kisha akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald. Gazeti hilo ndilo lililomtuma kumtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji mwaka wa 1871.

Mwaka wa 1874 akapewa fedha na New York Herald pamoja na Daily Telegraph la London, ili amalize mambo ambayo wasafiri wa kwanza hawakuyamaliza. Ndipo likatokea swali: je, achukue mashua, au aende mikono mitupu na kukodi mitumbwi ya wenyeji?

Mfano aliupata kwa waliomtangulia. Burton na Speke walikuwa na mashua ya chuma, wakaiacha pwani. Walipofika Ziwa Tanganyika mwaka wa 1858, Speke alipoteza karibu mwezi mzima akienda ng'ambo kutafuta jahazi, akarudi bila kitu. Baadaye walikodi mitumbwi kwa bei kubwa, lakini hawakufika mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, wala hawakujua kama mto Rusizi huingia ziwani au hutoka.

Basi Stanley akakata shauri. Akaagiza mashua Teddington, kando ya mto Thames, yenye urefu wa futi 40 na upana wa futi 6, ya kufunguliwa vipande vitano. Akaiita Lady Alice, kwa jina la mchumba wake wa Marekani. Ilipofika Unguja, vipande vilionekana vizito mno, ikabidi fundi avipunguze ndipo wapagazi waweze kuvichukua.

Safari ilitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba, 1874. Mwaweza kufikiri kazi hiyo ilivyokuwa. Mpagazi wa kawaida huweka mzigo wake kichwani akapita njia nyembamba peke yake. Lakini kipande cha mashua huchukuliwa na watu kadhaa pamoja, na mmoja akijikwaa wote huyumba. Wakapita Ugogo katika mvua, wakaona njaa, maradhi na vita. Wengine walikufa, wengine walitoroka. Hata mwishoni mwa Februari, 1875, baada ya siku zaidi ya 100, wakaliona Ziwa Victoria huko Kageyi.

Tarehe 8 Machi Stanley akashuka majini na mabaharia 11. Kwa muda wa karibu miezi miwili wakalizunguka ziwa, wakafika kwa Kabaka Mutesa. Ikajulikana kwamba ziwa ni moja, si maziwa mengi kama Burton alivyodhani, na kwamba mto Nile hutoka pale Jinja, kama Speke alivyosema. Maporomoko yale hatuyaoni tena, kwani yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa, mwaka wa 1954.

Lakini safari hiyo ilikuwa na doa. Katika kisiwa cha Bumbire watu waliivuta mashua mpaka nchi kavu, wakachukua makasia. Mabaharia wakaponea chupuchupu, wakipiga kafi kwa mbao walizozing'oa chini ya mashua. Agosti mwaka ule ule Stanley alirudi, akawapiga risasi watu wa kisiwa na kuua wengi. Hata kwao Uingereza alilaumiwa.

Mwaka wa 1876 akalizunguka Ziwa Tanganyika kwa mashua ile ile, kisha akaenda Nyangwe. Hapo Cameron alishindwa kupata mitumbwi mwaka wa 1874, akageukia njia ya Angola. Stanley akaushuka mto mpaka ukawa Kongo. Uledi, nahodha wa mashua, aliwaokoa wengi katika maji makali. Wengine hawakuokoka, na Wazungu watatu aliotoka nao pwani wote walikufa njiani.

Mwishoni mwa Julai, 1877, walipofika Isangila, mashua iliachwa juu ya miamba, wakaenda Boma kwa miguu. Naye Alice alikuwa amekwisha kuolewa na mtu mwingine.

Baadaye Stanley alimtumikia Mfalme Leopold katika Kongo, jambo lililoleta msiba mkubwa kwa watu wa huko. Alikufa London mwaka wa 1904.

Je, alifanya vema kuichukua mashua? Kwa ajili ya ramani, nakiri kwamba bila mashua asingalifaulu. Lakini yeye aliyekata shauri siye aliyetia bega chini ya mbao. Sifa zikaandikwa kwa jina lake, na wapagazi wengi wa mashua ile hatuyajui hata majina yao. Sisi tusomao historia na tuwahesabu na wao.