Albert Szent-Györgyi, munganga mwenye alikuta vitamini C ndani ya pilipili

Kata kiazi cha kizungu ukiache mezani: muda kidogo tu, kimeisha kuwa cha kahawia. Ndizi vilevile. Lakini ndimu ukiikata inabaki na rangi yake. Kila mama wa jikoni anajua hiyo. Albert Szent-Györgyi yeye alitumia miaka mingi akiuliza juu ya nini iko hivyo, na jibu lake linatugusa sisi wenye kuishi karibu na mashimo ya shaba na kobalti.

Alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, tarehe 16 Septemba 1893. Mjomba wake alikuwa mwalimu mkubwa wa anatomia, na kijana naye akaingia masomo ya uganga mwaka 1911. Vita ya 1914 ikamkuta bado mwanafunzi, wakamtuma mbele pamoja na askari kuwatunza. Mwaka 1916 alichoka kuona vijana wanakufa bure. Akajipiga risasi mwenyewe kwenye mfupa wa mkono, akasema ni adui. Wakamrudisha nyumbani, akamaliza masomo mwaka 1917. Kuna watu wanamwita mwoga juu ya jambo hilo. Mimi sitamhukumu.

Kisha vita, Hungaria ilikuwa masikini. Akatembea na bibi yake na binti yao mdogo, feza kidogo mfukoni, mpaka Uholanzi, halafu Cambridge kule Uingereza. Hapo ndipo alipofaulu kutoa unga mweupe ndani ya tezi ndogo zinazokaa juu ya figo za ng'ombe, na tena ndani ya machungwa na kabichi. Unga huo ulizuia oksijeni isiharibu vitu, sawa vile mafuta yanavyozuia chuma kisipate kutu. Sukari gani hiyo, hakujua. Akataka kuipa jina la mzaha, kwamba Mungu ndiye anajua. Mkubwa wa gazeti la sayansi akakataa kabisa.

Shida ilikuwa wingi. Alikwenda mpaka Marekani kuokota tezi kwenye machinjio makubwa, akarudi na gramu chache tu. Mwaka 1931 alikuwa mwalimu huko Szeged, kusini ya Hungaria. Kijana mmoja toka Marekani, Joseph Svirbely, akampa ule unga simbilisi, wale wanyama wadogo tunaita cobayes, wenye mwili usioweza kujitengenezea vitamini C, sawa na wetu. Wenye walipewa unga walibaki wazima. Wenzao walikufa na kiseyeye. Basi ule unga ulikuwa vitamini C yenyewe.

Lakini ulikuwa umekwisha karibu wote. Jioni moja bibi yake akamwekea mezani pilipili kubwa isiyo kali, ile tunaita poivron. Hakuwa na hamu ya kuila. Badala ya kumwambia mama hivyo, akaibeba mpaka labo, na mbele ya usiku wa manane alijua kwamba imejaa vitamini C. Szeged ndio mji wa pilipili: kwa wiki chache alikuwa anahesabu kwa kilo. Mwaka 1937 wakampa zawadi ya Nobel.

Sasa tuje kwetu. Kobalti ikiingia mwilini, kwa vumbi au kwa mkono mchafu kwenye bukari, inasaidia kuzaa oksijeni ya ukali yenye kuuma ADN, uzi unaobeba maagizo ya kila chembe ya mwili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya Kasulo, kule Kolwezi: watoto wa mtaa uliochimbwa walikuwa na kobalti mara kumi zaidi ndani ya mkojo kuliko watoto wa mtaa mwingine, na alama za ADN iliyoumwa zilionekana. Vitamini C inaweza kujitoa iungue yenyewe mbele ya ile oksijeni kali kufika kwenye ADN. Kazi yake inaishia hapo. Haiondoi kobalti mwilini, na mwenye kukuuzia vidonge kwenye lango la mgodi akisema vinatosha pahali pa maski, anakula feza yako bure.

Kuna njia nyingine ambayo watu wanaisahau. Mwili uliopungukiwa chuma, zaidi wa mama mwenye mimba na wa mtoto, unafungua mlango wa chuma wazi sana, na kobalti, risasi na kadimiamu zinapitia mlango huohuo. Ndimu iliyokamuliwa juu ya maharagwe au lengalenga inasaidia chuma ya chakula kuingia. Pera moja ina vitamini C kushinda chungwa. Sombe iliyochemka masaa mengi, hiyo imebakiza kidogo sana. Na mboga zioshwe kwa maji safi, sababu zikiwa na vumbi la mgodi unakula dawa na sumu katika sahani moja. Nguo za kazi zibaki inje.

Turudi kwa munganga wetu. Wakati wa vita ya pili alifanya kazi ya siri dhidi ya Hitler, akatafutwa, akajificha. Mwaka 1947 akahamia Marekani, akakaa Woods Hole, karibu ya bahari. Bibi yake wa pili na binti yake wa pekee wakafa na kansa. Akaanza kutafuta namna chembe za mwili zinavyopoteza njia, akiamini jibu liko kwenye elektroni zilezile za pilipili ya Szeged. Alipokufa, tarehe 22 Oktoba 1986, alikuwa na miaka 93, na jibu hilo hakuwa amelipata.